Kauri, chuma au plastiki? Nyonga bandia na vumbi lake

Binti wa kaka yangu ana selimundu, na kichwa cha mfupa wa paja lake la kushoto kimekufa. Damu iliacha kukifikia, kikaanza kuporomoka ndani ya nyonga, na sasa anatembea kwa mkongojo ilhali hajafika hata miaka 30. Daktari amempangia nyonga bandia. Alipotoka kliniki alinipigia simu. "Shikamoo shangazi. Wameniuliza kama tutamudu kichwa cha kauri au tubaki na cha chuma. Hivi tofauti yake ni nini hasa?"

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa mifupa. Maboksi ya vipandikizi hupitia mikononi mwangu, na swali hilo naulizwa na ndugu, na majirani, na wagonjwa waliokwisha valishwa gauni la upasuaji wakisubiri kuingizwa ndani. Kwenye simu jibu huwa fupi kuliko inavyostahili. Hapa nitalieleza kwa kirefu, kwa kuwa mwenye kuwekewa nyonga hiyo ndiye atakayeishi nayo.

Nyonga bandia kamili ina sehemu nne. Kuna shina linalochomekwa ndani ya mfupa wa paja. Juu ya shina kinakaa kichwa, yaani tufe. Upande wa fupanyonga hupachikwa kikombe, mara nyingi cha titani, na ndani ya kikombe huwekwa bitana. Kichwa na bitana ndivyo vinavyosuguana kila unapopiga hatua, na maabara zinazojaribu vipandikizi huhesabu mizunguko milioni 1 kuwa sawa na mwaka mmoja wa kutembea. Kijana anayefanya kazi ya kusimama na kupanda daladala kila siku anaweza kuzidi hapo.

Wagonjwa wengi huuliza kipi ni kigumu, kipi hakivunjiki. Mimi huwaomba waanze na jingine: jozi hii ya kichwa na bitana ikisuguana inatoa vumbi la aina gani, kiasi gani, na mwili utalifanya nini vumbi hilo? Historia nzima ya nyonga bandia ya kisasa, ya karibu miaka 70 sasa, ni historia ya watu kupambana na vumbi.

Chukua plastiki. Chembe zake zinazomeguka ni ndogo kiasi kwamba nyingi hazifiki maikroni 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Seli za ulinzi zinazimeza zikidhani ni vimelea, kisha zinashindwa kuzimeng'enya. Zinapohangaika hivyo zinamwaga kemikali za uchochezi, na kemikali hizo zinaamsha seli ambazo kazi yake ni kula mfupa. Mfupa unaozunguka kikombe au shina unalika polepole, mashimo yanatokea, kipandikizi kinalegea. Hakuna kilichovunjika wala kuoza kwa bakteria, lakini mgonjwa anarudi mezani, na safari hii mfupa wa kushikia kipandikizi kipya umepungua. Upasuaji wa kurudia ni mrefu zaidi, damu inayomwagika ni nyingi zaidi, na vifaa vyake ni ghali zaidi. Ndiyo maana natilia mkazo jozi ya kwanza.

Aliyetufundisha somo la vumbi kwa uchungu ni John Charnley, daktari wa mifupa wa hospitali ya Wrightington huko Lancashire, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alitafuta kitu chenye msuguano mdogo kabisa, akachagua Teflon, ile ile inayopakwa kwenye vikaango. Kichwa kilikuwa cha chuma, kikombe cha Teflon. Wagonjwa waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani waliamka wakatembea, na sifa zake zikaenea. Baada ya miaka michache tu Teflon ilikuwa imelika vibaya, kichwa kikizama ndani ya kikombe, na kuzunguka nyonga kulijaa uvimbe wa tishu zilizochokozwa na vumbi lake. Wagonjwa walikuwa wapatao 300, na alibeba jukumu la kuwafanyia upasuaji tena.

Mwaka 1962 muuzaji mmoja wa gia za plastiki, zilizotumika kwenye mitambo ya kufuma nguo ya Lancashire, alileta kipande cha polithilini nzito hospitalini. Charnley hakuvutiwa nacho. Fundi wake wa maabara, Harry Craven, alikiweka kwenye mashine ya majaribio bosi akiwa safarini. Mashine ilizunguka usiku na mchana kwa wiki 3, na polithilini ikawa haijalika hata kiasi ambacho Teflon ingelika kwa siku 1. Charnley alikuwa amejipandikiza vipande vya plastiki hizo chini ya ngozi ya paja lake mwenyewe, na baada ya miezi 9 vya Teflon vilikuwa vimevimba, vinashikika kwa vidole, ilhali cha polithilini hakikusikika. Novemba 1962 alianza kuitumia kwa wagonjwa. Kila nyonga yenye bitana ya plastiki inayowekwa leo, iwe London au Dar es Salaam, inatokana na kipande kile. Nampenda sana Craven katika simulizi hii, fundi aliyeamini mashine yake kuliko cheo cha mkubwa wake.

Charnley alichagua pia kichwa kidogo, cha milimita 22, kwa sababu kichwa kidogo huburuza eneo dogo la plastiki. Ubaya wake ni kwamba kichwa kidogo huchomoka kwa urahisi zaidi. Mvutano huo wa ukubwa wa kichwa ulidumu kwa miongo.

Polithilini ya zamani ililika takribani milimita 0.1 kwa mwaka. Inasikika kama si kitu, na kwa mzee wa miaka 70 kweli si kitu kikubwa. Ila hiyo 0.1 ndiyo kiwango ambacho juu yake madaktari walikuwa wakiona mfupa ukianza kulika. Hali ilizidishwa na namna ya kusafisha. Kwa miaka mingi bitana ziliuawa vijidudu kwa mionzi ya gama zikiwa kwenye pakiti zenye hewa. Mionzi ilikata molekuli, oksijeni ikaingia kwenye mikato hiyo, na plastiki ikaendelea kuchakaa ikiwa imekaa tu rafuni bila hata kuingia mwilini. Katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji walihamia kwenye pakiti zisizo na oksijeni.

Kisha yakaja mageuzi ambayo kwangu ndiyo makubwa kuliko yote tangu Charnley. Mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki ilianza kupigwa mionzi mikali makusudi, mara kadhaa ya kile kiasi cha kuua vijidudu, ili molekuli zake ndefu zishikane kwa kupishana. Ukindu uliolazwa tu unachomoka mmoja mmoja ukiuburuza. Uliosukwa kuwa mkeka hautoki kirahisi. Baada ya mionzi plastiki huyeyushwa au kupashwa moto ili kuondoa mabaki yanayovutia oksijeni, na baadhi ya watengenezaji huongeza vitamini E kwa kazi hiyo hiyo. Ulikaji ulishuka mpaka mara nyingi chini ya milimita 0.05 kwa mwaka. Kwa kuwa inalika kidogo, madaktari waliweza kuweka vichwa vikubwa, milimita 32 au 36, ambavyo havichomoki ovyo. Bei yake haikupanda sana kulinganisha na faida. Ukiniuliza maendeleo gani ya nyonga bandia yamemfaa mgonjwa wa kawaida, nitakuonyesha kipande hicho cheupe kisicho na mvuto wowote kwa macho.

Wakati huo huo wapo waliotaka kuiondoa plastiki kabisa, wakaenda kwenye chuma juu ya chuma. Wazo lenyewe halikuwa jipya. George McKee wa Norwich alikuwa akitumia mchanganyiko wa metali za kobalti na kromiamu pande zote mbili tangu enzi za Charnley, na baadhi ya nyonga zake zilidumu ajabu. Kwenye mashine za majaribio chuma kilicholainishwa vizuri kililika kidogo mno. Kampuni zikatengeneza vichwa vikubwa vya chuma ndani ya vikombe vyembamba vya chuma, zikiwalenga vijana na wapenda michezo.

Vumbi la chuma lina tabia yake. Ujazo wake ni mdogo, lakini chembe ni za nanometa, yaani ndogo mno hata kuliko maikroni, kwa hiyo idadi yake ni kubwa kuliko ya chembe za plastiki. Zinatoa ayoni za kobalti na kromiamu zinazoingia kwenye damu na kwenye nyama ya jirani. Kwa baadhi ya wagonjwa misuli inayozunguka nyonga ilikufa, uvimbe ukatokea, na daktari alipofungua akakuta majimaji ya kijivu pahali palipotakiwa kuwa na msuli. Kobalti ikizidi sana katika damu inaweza kugusa moyo, tezi ya shingoni, macho na masikio.

Nyonga ya ASR ya kampuni ya DePuy ndiyo iliyotikisa dunia. Kikombe chake kilikuwa na kina kifupi, na kikiwekwa kwa mwinamo uliozidi kidogo tu ule uliotakiwa, kichwa kiliegemea ukingoni na kukwangua. Mashine ya maabara hukiweka kikombe katika mwinamo sahihi siku zote. Meza ya upasuaji ina mgonjwa mnene, mfupa uliopinda, damu, na daktari anayebanwa na nafasi. Rejista ya Australia ya upasuaji wa viungo ndiyo iliyoanza kuonyesha kwamba nyonga hizo zinarudiwa kuliko nyingine, na Agosti 2010 kampuni iliziondoa sokoni. Wagonjwa waliokwisha wekewa duniani walikuwa takribani 93,000. Mwaka 2013 kampuni mama, Johnson & Johnson, ilikubali kulipa takribani dola bilioni 2.5 kumaliza kesi nchini Marekani. Uingereza ilitoa mwongozo kwamba mwenye chuma juu ya chuma achunguzwe, na kobalti au kromiamu ikivuka maikrogramu 7 kwa lita ya damu afuatiliwe kwa karibu zaidi.

Kisa hicho nakirudia kila ninaposikia mtu akisifia kipandikizi kwa kuwa ni kipya. Kifaa kipya kinahitaji miaka 10 ya wagonjwa halisi, walioandikwa mahali wakahesabiwa. Sweden ilianza kuwaandika mwaka 1979. Malawi, nchi yenye madaktari wa mifupa wachache mno, ilianzisha rejista yake ya kitaifa mwaka 2005, na nadhani hilo ni jambo la kujivunia kwa Afrika nzima.

Sasa kauri. Pierre Boutin, daktari wa mji wa Pau kusini mwa Ufaransa, aliweka nyonga ya kauri juu ya kauri mwaka 1970. Ni alumina, yaani oksidi ya alumini, ngumu kiasi kwamba chuma hakiikwaruzi, na inapenda maji, kwa hivyo ute wa kiungo huenea vizuri juu yake. Vumbi lake ni dogo kuliko la jozi nyingine zote, na mwili haulichukii kama ule wa plastiki au wa chuma. Kwa hesabu ya vumbi peke yake kauri inashinda, hakuna ubishi.

Shida yake ni kwamba kauri haipindi. Inastahimili, inastahimili, halafu inapasuka. Vichwa vya awali vilipasuka kwa kuwa chembechembe za kauri yenyewe zilikuwa kubwa na utengenezaji haujatulia. Miaka ya baadaye ikaja zirkonia, aina nyingine ya kauri, iliyosifiwa kuwa ngumu kupasuka. Mwaka 2001 kampuni moja ya Ufaransa iliyotengeneza vichwa hivyo ililazimika kuviita virudi, kwa sababu baada ya kubadilisha tanuri la kuchomea baadhi ya matoleo yalianza kuvunjika ndani ya wagonjwa. Tanuri tu! Mgonjwa hawezi kujua habari za tanuri, wala daktari wake.

Kauri inayotumika zaidi siku hizi ni alumina iliyochanganywa na zirkonia. Ukiiona hutaisahau, ni ya waridi. Rangi hiyo inatokana na kromiamu kidogo iliyomo, na ndiyo kemia ya vito vya rubi vinavyochimbwa Longido, kaskazini mwa Tanzania: alumina yenye kromiamu. Vichwa vya kauri hii huvunjika kwa nadra sana. Bitana ya kauri ina hatari kubwa kidogo kuliko kichwa, maana ni nyembamba na ukingo wake unaweza kumeguka. Wapo pia wagonjwa ambao kauri yao juu ya kauri hupiga mlio wa kukwaruza wanapotembea au kuinama. Haiumi, lakini nimeelezwa na mgonjwa namna anavyoona aibu kupita katikati ya waumini ibadani, na sikumwona kuwa analalamikia jambo dogo.

Kuna vichwa vyeusi vya zirkoniamu iliyooksidishwa, ambavyo ni chuma chenye ngozi ya kauri ya unene wa takribani maikroni 5. Ni vizuri, ila vikichomoka na kukwaruzwa na ukingo wa kikombe, ngozi ile inaharibika.

Jozi ambayo huku kwetu inawekwa sana haizungumzwi kabisa katika mijadala hii. Bibi ameteleza, shingo ya mfupa wa paja imevunjika, anawekewa nusu ya nyonga: shina na kichwa cha chuma aina ya Austin Moore, bila kikombe. Kichwa hicho husuguana na gegedu lake mwenyewe, ule utando laini unaofunika mfupa ndani ya kiungo. Huko Mandalay, Burma, daktari San Baw alifanya hivyo hivyo kwa kuchonga pembe za ndovu kuanzia mwaka 1960, zaidi ya wagonjwa 300. Kwa bibi wa miaka 80 anayetembea nyumbani na uani, nusu nyonga inatosha na inamwinua kitandani haraka, na kulala kitandani ndiko kunakoua wazee. Kwa kijana ni jambo jingine. Chuma kitakula gegedu, kisha kitakula mfupa wa fupanyonga, na maumivu yatarudi akiwa bado ana watoto wadogo. Nimeona vijana waliowekewa nusu nyonga kwa sababu ya bei, na upasuaji wa kuwarekebisha ulitugharimu kazi ngumu kuliko ambavyo ungekuwa mwanzoni. Kama ndugu yako ni kijana na ameambiwa nusu nyonga, uliza kwa heshima kwa nini isiwe nyonga kamili.

Hapo ndipo wagonjwa wetu wanapotofautiana na wale ambao vipandikizi hivi vilibuniwa kwa ajili yao. Ulaya nyonga inabadilishwa zaidi kwa wazee ambao gegedu limeisha kwa umri. Kwetu wengi ni vijana: selimundu, ajali ya bodaboda, matumizi ya muda mrefu ya steroidi, kifua kikuu cha nyonga kilichopona kikaacha kiungo kimeharibika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba nyonga kama 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Mtu wa miaka 72 anaweza kuridhika na takwimu hiyo. Mwenye miaka 28 lazima atafute kuipita. Wagonjwa wa selimundu wana ugumu wa ziada, mfereji wa mfupa wa paja mara nyingi ni mwembamba na umeziba, na hatari ya maambukizi ni kubwa. Kuwarudia ni kugumu, kwa hiyo kila mwaka unaoongezwa na jozi ya kwanza una thamani.

Kwa hoja hiyo mtu angesema basi awekewe kauri juu ya kauri moja kwa moja. Ninachoogopa ni namna tunavyokaa. Tunachutama chooni, tunaketi mkekani, tunasujudu, tunainama kuosha vyombo uani. Daktari atakataza baadhi ya hayo, hasa miezi ya mwanzo, na mgonjwa ataitikia. Maisha yana nguvu zake. Nyonga ikikunjwa kupita kiasi, shingo ya shina hugonga ukingo wa bitana. Plastiki inavumilia, inabonyea kidogo. Kauri haivumilii, na inapomeguka vipande vyake vikali hutawanyika kote kwenye kiungo, havitoki vyote hata kwa kuoshwa.

Tena kauri ikivunjika, aliyebadilisha akiweka kichwa cha chuma anamwingiza mgonjwa hatarini. Vipande vya kauri vilivyobaki hunasa kwenye plastiki na kukisaga chuma usiku na mchana, na kobalti hupanda katika damu kwa viwango vya kutisha. Wapo wagonjwa walioandikwa katika majarida ya tiba waliopoteza uoni na kusikia na moyo ukadhoofika kwa njia hiyo. Kauri iliyovunjika hurudiwa kwa kauri.

Kwa hiyo binti wa kaka yangu nilimwambia hivi: kichwa cha kauri, bitana ya plastiki iliyoshikanishwa kwa mionzi, na kichwa kiwe milimita 32 au 36 kulingana na kikombe kitakavyoruhusu. Uso wa kauri ni nyororo kuliko wa chuma na haukwaruziki, tena pale kichwa kinapokaa juu ya shina haina kutu ya kobalti. Kama fedha haitoshi kwa vyote, bitana nzuri itangulie na kichwa kiwe cha chuma, kwa sababu sehemu kubwa ya faida iko kwenye plastiki. Chuma juu ya chuma asikubali. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari wake aliyeiona picha, ila aende akiwa na maswali.

Yapo ambayo mgonjwa hayaoni na mimi nayaona. Kichwa cha kauri hupachikwa kwenye shingo ya shina iliyofutwa ikawa safi na kavu, kwa kifaa chenye ncha ya plastiki. Nyundo ya chuma haikigusi. Kichwa na shina viwe vya mfumo unaolingana, visiwe vimeokotwa kwenye maboksi ya watengenezaji wawili kwa sababu vipimo vinafanana kwa macho. Kabla sijafungua pakiti nasoma kwa sauti aina, ukubwa na tarehe ya mwisho, na daktari anaitikia. Kila pakiti ina stika zenye namba ya toleo. Moja inabandikwa kwenye faili, na wewe una haki ya kuomba nyingine au kuipiga picha kwa simu. Miaka 15 baadaye huenda faili halionekani na daktari amestaafu, na atakayekufungua atahitaji kujua kilichomo.

Na mfupa unapolika hauumi. Mtu anatembea vizuri, hana kilio chochote, huku shimo linapanuka nyuma ya kikombe. Ndiyo sababu tunasisitiza eksirei ya kila baada ya miaka michache hata kama huna tatizo, na picha ya kwanza kabisa, ile ya baada ya upasuaji, itunzwe pamoja na stika, kwa kuwa daktari huilinganisha na picha mpya kuona kama kichwa kimesogea ndani ya bitana.